Mchicha wa Swaumu Chini ya Lambo Langu

Mtu anayenunua kiwanja kwenye bonde la korongo, ama hana akili, ama anayo iliyozidi. Swaumu nilimweka kwenye fungu la pili siku ile ile nilipoyaona matofali yake, na mpaka leo sijamtoa humo.

Habari zake watu wanazisimulia ovyo. Kisimani wanasema nilitaka kumzamisha. Kanisani wanasema nilimwokoa. Wote hawakuwepo. Tuliokuwepo ni mimi, Silvano mchungaji wa ng'ombe wangu, na mama yake Swaumu, ambaye hakunyamaza hata kidogo. Basi naandika mwenyewe. Kusoma nilijifunza ukubwani, darasa la jioni, na mkono wangu hauna haraka, lakini nilichokiona nilikiona.

Swaumu ni wa milima ya Kondoa. Baba yake alikuwa na shamba la ulezi na ng'ombe wachache. Alipofariki ndugu wakagawana, yeye na mama yake wakabaki na masufuria. Akaolewa, akaachika. Haoni haya kulisema. "Aliniacha, mama, na mimi nikamwacha zaidi." Reli ya umeme ilipokuwa inajengwa alikuja Ihumwa kuwapikia vibarua, wali maharage, chapati, chai ya rangi. Reli ilipokwisha, wenzake walirudi makwao na vitenge. Yeye alinunua kiwanja.

Alinunua kwa shemeji yangu, kaka wa marehemu mume wangu. Shemeji huyo kama kivuli kingekuwa na mnunuzi angekwisha kuuza cha kwake. Alimkatia kipande cha ardhi ya ukoo, bondeni kabisa, pale korongo linapopinda, chini ya lambo langu. Mimi nilipata habari matofali yameshafika.

Wiki ya kwanza tu Swaumu akapanda kunisalimia. "Mbukwa, mama." Kwa Kigogo! Mrangi, wiki ya kwanza. Nikamjibu, lakini moyoni nikasema, anayejifunza lugha yako upesi hivi kuna kitu anakitaka.

Lambo lenyewe nilieleze, maana maneno yote yametoka humo. Huku kwetu, kati ya Ihumwa na Hombolo, mvua inakuja na hasira na kuondoka na hasira, halafu mbingu inakuwa bati mpaka watu wanasahau wingu linafananaje. Mume wangu Bartolomayo aliyatazama maji yanayopita korongoni akasema, "Haya yanakwenda kwa nani?" Akaita watu. Mimi nikapika pombe ya mtama, wakaja na majembe na ngozi za kuburuzia udongo. Walileta udongo wa vichuguu, ule unaoshika. Wakamwaga tabaka moja, wakapitisha ng'ombe juu yake, wanakwenda wanarudi, wanakwenda wanarudi, mpaka ukiligonga linalia kama chungu. Kisha tabaka lingine, mpaka tuta likasimama kukinga korongo. Hatukuwa na katapila, kwato ndizo zilikuwa katapila letu. Pembeni mwa tuta akaacha njia pana ya maji ya ziada. Wenyewe tunaiita utoro. Lambo likijaa, maji yanatokea hapo taratibu, hayalipandi tuta.

Bartolomayo hakutaka utoro uguswe. Lakini nani wa nchi hii anaweza kusimama anatazama maji yanaondoka? Kila mwenye lambo ninayemjua, mvua zikikaribia kwisha, anaziba utoro kwa viroba vya udongo ili maji yapande kidogo. Bartolomayo alipofariki na mimi nikaanza kuziba. Maji yale ya juu juu ndiyo yanaifikisha mizabibu yangu kwenye mavuno ya kiangazi. Silvano ndiye anayejaza viroba. Ni mtu mzima, ana mke na watoto, ananibishia kila siku na haondoki.

Sasa, kiangazi cha kwanza cha Swaumu, ardhi yote imekuwa rangi ya simba, mbuzi wanatafuna makaratasi, mimi nasimama juu ya tuta natazama chini, naona nini? Mchicha. Mchicha, figiri, matembele, majani mapana kama masikio ya punda. Na kisima hana. Na kwangu hachoti.

"Silvano," nikasema, "yule anamwagilia saa ngapi?"

"Sijamwona akimwagilia, mama."

"Hana ndoo?"

"Ndoo anayo. Anaanikia nguo."

"Basi anaiba."

"Anaibaje maji bila ndoo?"

"Bomba. Kapitisha bomba chini ya tuta langu."

Silvano akajikuna shingo. "Mama, kupitisha bomba chini ya tuta ni kazi ya wanaume kumi. Yeye yuko na bibi kizee asiyetembea."

"Aliwapikia wajenzi wa reli," nikamwambia. "Unafikiri wanaume kumi atawakosa?"

Nilimwuliza na mwenyewe, siku alipoleta fungu la mchicha. Alileta fungu, ndiyo. Mwizi mjanja hukugawia.

"Swaumu, mchicha huu unaunywesha nini?"

"Mungu tu, mama. Ardhi yenyewe mbichi. Ukifukua kidogo unakuta majimaji."

"Mungu anakunywesha wewe tu peke yako bonde zima?"

Akacheka. "Pengine anafidia, mama. Kwenye mume alininyima."

Nikaupika ule mchicha. Mtamu. Nikazidi kumshuku.

Mvua zilizofuata zilikuwa kubwa kupita za miaka mingi. Lambo lilijaa mpaka utoro ukanguruma. Huko mbali lambo la mtu mmoja likapasuka, redio ikasema. Mvua zilipotulia nikaziba kwa viroba, safu juu ya safu kuliko mwaka wowote, na haukupita muda akaja kijana wa serikali, kavaa mabuti ya mpira na fulana yenye mistari inayong'aa. Mudrick, injinia. Lakini kabla hajapanda kwangu nilimwona kwa macho yangu anatoka kwa Swaumu, anafuta mdomo. Alishakunywa chai.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Umetumwa na nani?"

"Ofisi ya bonde la maji, bibi. Tunapitia malambo madogo ya watu binafsi, tunayaandikisha na kuyapanga madaraja. Hili ni la kwako?"

"Ulifikiri la nani? La huyo aliyekupa chai?"

Alikuwa na adabu. Akatembea juu ya tuta, akapima kwa kamba, akapiga picha. Mimi nyuma yake hatua kwa hatua, asije akaweka alama ya kubomoa. Akasimama kwenye kisiki.

"Huu ulikuwa mti gani?"

"Mwarobaini. Uliota wenyewe ukawa mkubwa. Nikaukata, nikapata nguzo za mizabibu."

"Mizizi ikioza ndani ya tuta inaacha matundu, bibi. Maji yanapita humo humo." Akaonyesha kidole chini, kwenye mchicha. "Ule ubichi wa pale ni maji ya lambo lako yanajipenyeza."

"Tuta hili lilikanyagwa na ng'ombe tabaka kwa tabaka, wewe hujazaliwa. Halivuji."

"Siwezi kubishana na ng'ombe," akasema. Halafu akaviona viroba. "Hivi vitoke."

"Vimekukosea nini?"

"Utoro ni mlango wa dharura, bibi. Ikinyesha mvua moja ya ghafla, maji yatakosa pa kutokea, yatapanda juu ya tuta. Tuta la udongo likipandwa na maji linayeyuka kama sukari."

Nikamwambia nitafikiri. Maana yake sivitoi, na naye alielewa. Akaandika, akaniambia lambo langu limeingia daraja la hatari kubwa.

Damu ilinipanda. "Hatari kubwa? Kule kwa fulani tuta limejaa mashimo ya panya, umempa gani?"

"Hatari ndogo."

"Na langu, lililojengwa na Bartolomayo, hatari kubwa? Umelinganisha kweli au chai ilikuwa na sukari nyingi?"

Akakaa chini kwenye kisiki. Labda alichoka, labda aliona mtu mzima haelezwi kwa kusimamiwa. "Bibi, nisikilize. Daraja hili halisemi tuta ni zuri au baya. Linauliza, maji yakitoka yote kwa mara moja yatamkuta nani. Kule kwa fulani yatakuta pori. Tungekuja kabla ya nyumba ile, na hapa tungeandika ndogo."

"Kwa hiyo lambo ni lile lile, ila Mrangi kajenga chini, limekuwa na hatari?"

"Limekuwa na mtu chini yake."

"Na mwenye daraja hilo anafanywaje?"

"Lazima alete mtaalamu aliyesajiliwa alikague. Awe na namba za simu za walio chini. Utoro uwe wazi. Akikaidi, ofisi inaweza kuamuru maji yapunguzwe, au lambo livunjwe."

Hapo sasa yote yakanikalia sawasawa kichwani. Shemeji anauza kiwanja bondeni. Swaumu anajenga. Injinia anakuja, anakunywa chai, anasema kwa sababu ya nyumba ile lambo linaweza kuvunjwa. Lambo likivunjwa, bonde lote lenye udongo mzuri linabaki kavu, na shemeji anauza viwanja mpaka mlangoni kwangu. Kamba imesokotwa na watu watatu, shingo ni yangu.

Mudrick akaniomba aiweke namba ya Swaumu kwenye simu yangu ya kitochi. Nikakataa. Akaweka ya kwake. "Maji yanayotoka pale chini yakiwa maangavu, tunayaangalia tu. Siku yakibadilika rangi, nipigie saa hiyo hiyo." Alipoondoka nilimwambia Silvano aifute namba hiyo. Silvano hakuifuta.

Nikaamua kulitafuta bomba. Nikilipata, nikilishika mkononi mbele ya mwenyekiti wa kijiji, yataisha yote. Hakuna kuvuja, kuna wizi, na injinia amedanganywa. Nikangoja siku ya mnada, Swaumu anapokwenda kuuza mboga. Mama yake, Asma, alikuwa amelala ndani, miguu ilikwisha kumkatalia tangu Kondoa.

Nikashuka na jembe. Silvano akanifuata.

"Mama, tuta halichimbwi."

"Sichimbi tuta. Nachimba chini ya tuta."

"Chini ndiyo linakosimama."

"Nani kakuuliza?"

Nikaanza pale nyasi zilipokuwa mbichi zaidi, nyuma ya uzio wake wa miiba, nikaufuata ubichi kuelekea juu. Udongo ulikuwa laini kama ugali. Nilichimba kwa furaha, siwezi kusema uongo. Kila jembe likigonga kitu nasema hili hapa, nakuta mzizi. Mzizi mweusi, umeoza, unavunjika kama biskuti. Nikauvuta mmoja mnene, ukatoka mrefu, mtupu ndani. Na nyuma yake yakatoka maji.

Mwanzo yalikuwa safi. Nikasema, si mmeona? Halafu yakaanza kusukuma. Yakawa na rangi, ya chai kwanza, kisha ya chai ya maziwa, na shimo likawa linakula kingo zake lenyewe, vipande vya udongo wa kichuguu vinadondoka, udongo wa Bartolomayo, unapita miguuni kwangu.

Silvano hakusema "nilikwambia." Hilo peke yake lilinitisha. Aliichukua simu kutoka fundo la kanga yangu akapiga, akanipa.

"Injinia," nikasema, "ni mimi wa hatari kubwa. Maji yamebadilika rangi."

"Yanatokea wapi?"

"Nilichimba."

Kama alitukana, alitukana pembeni. Kisha akauliza neno ambalo sikulitegemea. Hakuuliza tuta, hakuuliza viroba. "Nani yuko chini?"

"Mama mtu mzima. Hatembei."

"Mtoeni kwanza. Kisha fungueni utoro, viroba mtoe kimoja kimoja, msivute vyote kwa pamoja. Na hilo shimo msilizibe kwa udongo! Mkiliziba, maji yatatafuta pengine. Wekeni mchanga safi wa korongo, juu yake kokoto, juu yake mawe. Maji yapite, udongo ubaki. Nipo njiani."

Silvano akaleta punda na mkokoteni. Mimi nikaingia kwa Asma.

Alikuwa amekaa kwenye mkeka anachambua mchele. Akaniangalia miguu iliyojaa tope mpaka magotini. "Karibu, mama wa lambo. Leo umetembelea wadogo?"

"Tunakuhamisha, mwenzangu. Lambo linavuja."

"Linavuja leo, siku ya mnada, binti yangu hayupo?"

"Ndiyo."

"Na wewe ndiye umekuja kunitoa nyumbani kwangu. Wewe." Akaweka ungo chini. "Nilimwambia Swaumu. Nilimwambia, yule mama anatutazama kutoka juu kama mwewe, siku moja atashuka. Hii ni kuvunjiwa. Mnanitoa, mnabomoa, akirudi anakuta uwanja. Sitoki!"

"Asma, maji yanakuja!"

"Yaje. Nikiyaona nitatoka."

"Ukiyaona utakuwa ndani yake!"

"Silvano!" akaita, maana Silvano alikuwa akimletea kuni siku moja moja bila mimi kujua, hilo nililijua hapo. "Silvano baba, wewe huwa husemi uongo. Kweli linavuja?"

"Linavuja, bibi. Mama amelichimba."

Asma akanitazama. Akaanza kukusanya mchele. "Nilijua," akasema. "Hilo sasa naliamini. Ninyanyueni. Na ungo wangu, na Kurani yangu ile ya juu, na yule kuku mweupe, simwachi kwa Mgogo."

Tukampandisha mkokotenini, kuku mapajani, akitupa maelekezo njia nzima. Nilimweka kwangu, kwenye kiti cha Bartolomayo, maana ndicho chenye mikono.

Halafu tukaenda kwenye utoro. Silvano alikuwa anatoa viroba na mimi nilikuwa napokea. Kiroba cha kwanza kikatoka, maji yakaruka kijilimi kidogo. Cha pili. Cha tatu. Ndugu zangu wa nchi hii mtanielewa. Kiangazi kinaanza, hakuna tone litakaloongezeka mpaka mvua za mwaka mwingine, na mimi kwa mikono yangu nayafungulia maji mlango. Yalikuwa yanaondoka bila haraka, manene, yanang'aa juani, kama ng'ombe wa mahari wanaotoka zizini wanakwenda kwa watu wengine. Silvano alilia. Mimi sikulia, nilikuwa nabeba viroba.

Tukarudi kwenye shimo. Mchanga korongoni upo, lakini kokoto? Kokoto zilikuwepo lundo moja tu bonde zima, uani kwa Swaumu, alizozinunulia sakafu. Silvano akanitazama.

"Chota," nikasema.

Tukamwaga mchanga, ukapelekwa na maji. Tukamwaga tena, tukaongeza kokoto, tukaongeza mawe, jembe likabaki limesimama kwenye tope. Jua lilikuwa limeshainama tulipoona maji yanayotoka kati ya mawe yanaanza kuwa maangavu. Hayakukoma. Yalikuwa yanapita, lakini udongo ulikuwa haupiti. Lambo lilikuwa limeshashuka, limeacha ukingo wa tope kuzunguka pande zote.

Ndipo Swaumu aliporudi kutoka mnadani.

Nilimwona toka mbali, kikapu kichwani, akasimama. Maji ya utoro yalikuwa yamepita kwenye bustani. Hayakuifikia nyumba, lakini mchicha ulikuwa umelala chini wote, kama nywele zilizochanwa upande mmoja. Akaingia ndani. Akatoka mbio.

"Mama yangu yuko wapi?"

"Kwangu. Anakula."

"Kokoto zangu?"

"Zimetumika."

Akatua kikapu. Sikuwahi kumwona bila mzaha usoni, na sikupenda. "Nimekwenda mnadani asubuhi nina mama, nina bustani, nina kokoto. Narudi sina hata kimoja, na wewe umesimama hapo na tope. Mama Paulina, kama hunitaki bondeni si ungesema? Umenifungulia maji?"

"Nimefungua."

"Makusudi?"

Ningeweza kumwambia lambo lilivuja lenyewe, na ya Asma ningesema ni maneno ya kizee aliyetishika. Silvano alikuwa upande wangu, au nilifikiri. Angenyamaza. Na Swaumu angenishukuru kwa kumtoa mama yake, na kanisani wangesema vizuri. Lakini mtu akishakushukuru kwa uongo unakuwa mtumwa wake, na mimi sijawahi kuwa mtumwa wa mtu, sembuse Mrangi.

"Njoo," nikamwambia. Nikampeleka nyuma ya uzio wake, nikamwonyesha. "Jembe hilo ni langu."

Akalitazama jembe, akatazama mtaro niliouchimba, mawe, kokoto zake. "Ulikuwa unatafuta nini, mama?"

"Bomba."

"La nani?"

"Lako."

Kwanza hakuelewa. Kisha akaelewa, akacheka mpaka akashika uzio wa miiba, akajichoma, akacheka na kulia pamoja. "Bomba! Mimi! Nimeshindwa kununua koki ya jikoni, nikuwekee bomba!"

Nikampandisha juu ya tuta ili aone viroba tulivyovitoa, aamini sikukusudia kumzamisha. Lakini huko juu aligeuka, akaacha kucheka. Hakuwahi kupanda pale. Upande mmoja maji, hata baada ya kushuka bado mengi, kimya. Upande wa pili, bondeni, bati la nyumba yake, chini ya miguu yetu.

"Mama," akasema pole pole, "haya maji siku zote yako juu ya nyumba yangu?"

"Siku zote."

"Na yule aliyeniuzia alijua?"

"Amezaliwa hapa."

Kijana wa serikali alipofika na mabuti yake alitukuta tumekaa pale kisikini, yeye upande wake na mimi upande wangu.

Basi hivi ndivyo ilivyo sasa. Mtaalamu aliyesajiliwa alikuja, mzizi ukafukuliwa wote kiangazi kilichofuata lambo likiwa tupu, na pakajazwa upya. Nilidai wapitishe ng'ombe. Wakaleta mashine ya kushindilia, lakini baada yao nilipitisha ng'ombe. Utoro uko wazi, na mavuno yangu ya kiangazi yamepungua. Silvano ametundika rimu ya gari mtini kwa ajili ya kupiga ikitokea hatari. Shemeji alikwenda kumpa Swaumu pole, akamwambia anacho kiwanja kingine, juu ya lambo. "Juu wapi, baba, ndani ya maji?" Swaumu akamuuliza. Hajahama. Amenunua, amejenga, haendi popote, na kwa kuwa haendi, lambo langu bado ni hatari kubwa. Nimemwuliza Mudrick mara nyingi kama haiwezekani kuandika ndogo, tuta likiwa zuri hivi. Ananijibu vile vile, kwamba tuta ni zuri, ila mtu bado yuko chini yake.

Mvua zikianza Asma anahamia kwangu mpaka ziishe. Hilo liliamuliwa na Swaumu, Asma na Silvano, mimi nikaambiwa. Anakaa kwenye kiti cha Bartolomayo, anasema mlenda wetu ni chakula cha watu walioishiwa nyama. Namwambia Mrangi akila kwako, hesabu vijiko. Ananiambia yeye ameshahesabu, kimoja kina tundu. Kuku wake mweupe ametotoa kwangu na tunagombania vifaranga.

Na kila asubuhi Swaumu anakinga maji yanayotoka chini ya tuta, kwenye glasi, anapanda nayo, anainua juani ili nione rangi. Maangavu. Namwambia asante. Kisha nashuka mwenyewe na glasi yangu, nakinga tena, maana nitajuaje kama hakuchota mtungini? Nikipanda namkuta amesimama pale pale juu ya tuta, ameshika kiuno, ananisubiri aione na ya kwangu.